Uso wa Namba Arobaini na Saba

Porto, mwezi wa pili. Mvua haijui kuchoka.
Nimepewa brashi, rangi nyeupe na daftari
nivihesabu vigae vya nyumba, safu kwa safu,
buluu na njano, ua na nusu ua.
Elfu mbili mia tatu na kumi na tisa.
Vilivyopasuka navitia duara.
Vilivyoibwa, sifuri.

Nyuma ya uso huu hakuna kitu.
Si "hakuna kitu" ya vumbi na panya:
hakuna. Sakafu zimeshushwa, ngazi imekatwakatwa,
paa limeondoka na lori la Jumanne,
na uso umesimama peke yake, mikongojo ya chuma mgongoni,
kama mgonjwa aliyevishwa koti ili apigwe picha.
Ukichungulia dirishani, ghorofa ya tatu,
unaona anga, na shakwe anakatiza
katika kilichokuwa chumba cha kulala.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.
Nimefungua. Mlango upo, mzima, wa kijani,
nikaingia, na mbele ya ncha za viatu vyangu
shimo la mita tisa, pampu ikikoroma.
Posta bado hawajaambiwa.
Barua zinasukumwa kwenye mwanya wa mlango
zinashuka, zikipepea, hadi topeni.
Jana nimeopoa bili ya gesi.

Alhamisi huja Dona Felismina.
Miaka hamsini na mmoja ghorofa ya tatu;
sasa anakaa kwa bintiye ng'ambo ya mto,
penye lifti na king'ora cha moshi.
Mhandisi Vasco anamwonyesha mchoro:
"Tumeuokoa uso wote, mama."
Anatazama juu, kofia ya nailoni ikimchuruzika.
"Mzuri," anasema. "Sikuwahi kuujua.
Mimi nilikaa ndani, mwanangu.
Uso ulikuwa wa kutazamwa na wengine.
Nilichokijua ni kipandio cha saba, kile kilichokuwa kikilia,
doa la unyevu juu ya jiko, lenye sura ya kondoo,
na alama za penseli kwenye mwimo wa mlango:
Zulmira, miaka minne. Zulmira, sita.
Zulmira, kumi, na viatu.
Huo mwimo uko wapi?"

Vasco akalitazama daftari langu.
Mwimo haukuwa na namba.

Ningeishia hapo, niwaite wote wezi, nikunje karatasi.
Lakini upande wa pili wa barabara, dirishani,
mzee Baltasar, ambaye miguu haimtoi tena nje,
anahesabu pamoja nami tangu asubuhi.
Nikikosea, hugonga kioo.
Juzi alimtuma mjukuu na nusu chupa ya mvinyo
na kikaratasi: "Nilidhani mtaubomoa.
Mke wangu alikufa akiitazama buluu hiyo."

Kufikia Julai zege lilikuwa limepanda.
Dari za siku hizi ni fupi; ghorofa nne zimezaa sita,
kwa hiyo sakafu mpya imelipitia dirisha la Felismina
palepale kiunoni.
Juu, mgeni wa siku mbili, dirisha linamfika magotini;
chini, mgeni mwingine, anayeutafuta mwanga kwa shingo.
Kwa nje hakuna ajuaye. Kioo kimetiwa giza
mahali zege linapopita.

Siku ya mwisho nilibaki na kigae kimoja.
Nilikigeuza, nikaandika mgongoni kwa penseli:
Zulmira, kumi, na viatu.
Nikakipaka saruji, nikakikandamiza ukutani
kabla Vasco hajarudi na chai yake.

Kioo kikagongwa ng'ambo.
Mara mbili. Tena.
Nikarudi nyuma hatua tatu, nikatazama:
ua nililipachika kichwa chini.

Nikakibandua, saruji ikiwa bado laini,
nikakizungusha polepole,
maandishi yakiwa yameanza kufutika,
nikakirudisha.
Baltasar akashusha mkono.